Programu Isiyobisha Hodi

Kayoko alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ulikuwa ule wa kurudia jambo moja kwenye simu kutwa kucha, kwa watu wanaokuitikia "ndiyo, ndiyo" wakimaanisha tu kwamba wanakusikia. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wazee wa mji wa Kurayoshi na vijiji vya jirani kompyuta zao zinapogoma, yeye akiwa amekaa zake ofisini. Leo bosi wake, Bwana Kadowaki, alitaka jibu kabla ya chakula cha mchana: wanunue programu ipi ya kuingilia kompyuta za wateja kutoka mbali?

Zilikuwa mbili. Ya kwanza, waliyokuwa wakiitumia bure hadi sasa, inabisha hodi: mteja anakusomea tarakimu kwenye simu, anabonyeza kukubali, ndipo unaingia. Ya pili ukishaiweka mara moja, una ufunguo. Unaingia utakapo, mwenye kompyuta awe na habari au asiwe nayo.

"Ya hodi inatumaliza, bosi," alisema Kayoko. "Muulize Mzee Nishiwaki."

"Muuza tofu? Kafanya nini tena?"

"Kafagia."

Bwana Kadowaki akacheka mpaka chai ikampalia. Mzee Nishiwaki alikuwa amepiga simu kwamba orodha ya wateja wake, wale anaowapelekea kadi za Mwaka Mpya, haifunguki. Kayoko alipomwambia anaingia kuangalia, mzee akaona haya mgeni kukuta fujo. "Samahani sana, kwangu kuchafu, nipe muda kidogo," akasema, akafuta kila kilichokuwa kwenye skrini, na pipa la taka la kompyuta akalimwaga. Kayoko akakuta skrini nyeupe pe.

"Halafu ananiuliza, 'Sasa pako safi, sivyo, binti?' Safi! Wote ndivyo walivyo. Ukiwaambia unakuja, wanafagia hadi ugonjwa wenyewe. Nunua yenye ufunguo, niwakute na fujo zao, nitengeneze, nitoke."

"Mimi sina neno. Lakini ijaribu kwanza, tusije tukauziwa mbuzi kwenye gunia."

Hiyo ya ufunguo alikuwa ameiweka kwa majaribio mahali pamoja tu, kwenye kompyuta ya mama yake huko kisiwani Oki, alipokwenda kuzuru makaburi wakati wa kiangazi. Alipomweleza, mama aliitika "ndiyo, ndiyo" huku akikata tikiti. Bi Tsuruko alikuwa akiishi peke yake, na kila akiulizwa hali, jibu lilikuwa moja: sijambo, usije, nauli ya meli ya nini? Kayoko alimpenda mama yake, na alikuwa amechoka kumuuliza.

Akaingia.

Mwanzoni alidhani skrini imeharibika. Ilikuwa na herufi tatu tu, nyeusi, nene, zimejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha ya kwanza ikasukumwa nje na nyingine ikaingia. Mama alikuwa akiandika. Herufi moja, kimya kirefu, nyingine, anafuta, anaanza upya. Alikuwa akijibu ujumbe ambao Kayoko alimtumia asubuhi kumuuliza hali ya macho. Kayoko akasubiri neno baada ya neno: Macho yangu hayana tatizo. Jana nimesoma gazeti lote.

Kwa programu ya hodi, kila mara alikuwa akizikuta herufi za mama ndogo, za kawaida, kama za watu wote. Kila mara pia mama alianza kwa kusema, "Ngoja kidogo, mwanangu, nipange." Kumbe huko ndiko kupanga kwenyewe. Alizipunguza hadi asizione, kisha akakaa mbele ya skrini kama yuko gizani akiitika ndiyo, ndiyo.

Kayoko aliona aibu, aibu ya mtu aliyemchungulia mama yake bafuni. Akatoka upesi. Simu yake ikalia: ujumbe wa mama umefika.

"Vipi, ufunguo unafanya kazi?" Bwana Kadowaki aliuliza kutoka mezani kwake.

"Unafanya kazi mno. Nunua ya hodi."

"Weee! Si wewe uliyenipigia kelele asubuhi nzima?"

"Ni mimi. Mtu ana haki ya kufagia kabla mgeni hajaingia."

"Hata akifagia wateja wake wote?"

"Hata hao."

Bosi akamtazama, akanyanyua mabega, akaanza kujaza oda. Kayoko alijua jibu lake lina tundu, kwamba bila ule ufunguo asingejua kamwe. Lakini hakuwa na nguvu ya kuliziba. Akatoka nje kwenye ngazi, akampigia mama.

"Mama, leo nimeingia kwenye kompyuta yako. Sikubisha hodi. Nisamehe."

Upande wa pili televisheni ilikuwa ikitangaza hali ya bahari. Mama akaizima.

"Saa ngapi?"

"Ulipokuwa unaniandikia."

"Umeziona herufi."

"Nimeziona."

Kayoko akajikaza, akingojea kugombezwa. Alichosikia ni pumzi ndefu, kisha sauti ya mtu anayekaa kitini.

"Afadhali," akasema mama. "Maana kila ukibisha hodi nazipunguza. Ukishaondoka, sioni pa kubonyeza nizikuze tena. Huwa nakaa hivyo hivyo mpaka mleta barua apite, nimwombe anikuzie."