Hodi Katika Jumba la Mzuka

Wanampaka uso unga mweupe mpaka nyusi zinapotea. Mize ni mfagiaji wa jumba hili kubwa la Kiingereza, lililo peke yake katikati ya mashamba na ukungu, na leo watu wa filamu ya kutisha waliolikodi wanamtaka asimame dirishani awe mzuka, maana mwigizaji wao anaumwa. Kazi yako rahisi, anasema Maureen, mama mpambaji, kwa Kiingereza cha polepole, hata kuongea huongei. Kwani huwa naongea, anajibu Mize. Maureen anacheka, Basi umezaliwa mzuka, binti! Mize naye anacheka. Tangu aje huku ugenini, siku nzima hupita bila mtu kumwita jina. Ni mchana, lakini madirisha yamefunikwa vitambaa vyeusi ili uwe usiku. Anaambiwa asubiri kitini. Anasubiri, macho yanakuwa mazito, na kiti kinazama taratibu kama kimewekwa juu ya tope.

Anainuka. Ukumbi ni uleule anaoufagia kila asubuhi, picha zilezile za wazee wenye shingo ndefu, lakini sasa hauna mwisho, milango imejipanga huku na huku, na katika kila kioo kuna ukumbi mwingine na Mize mwingine asiye na uso. Anajipapasa. Pua hakuna. Mdomo anausikia kwa ndani tu. Uso wangu uko wapi, anauliza. Kando yake amesimama mtu mwenye visikilizio masikioni kama wale wa filamu, uso wake laini kama yai. Uko kwa anayekujua, anajibu. Niingie mlango gani? Ule utakaoitikiwa hodi. Na nikiingia bila kuitikiwa? Utabaki kwenye picha, sisi tukifungasha vyombo tukaenda zetu.

Basi Mize anabisha. Kwao Muheza hata kwa shangazi yako huingii hujaitikiwa. Hodi. Hodi jamani. Hodi wenyewe. Kimya, anasogea mlango mwingine, kimya, anasogea, na ukumbi unakuwa barabara, na barabara inakuwa Muheza yenyewe, meza za machungwa, cherehani ya fundi barazani, ila nyumba ni mbao zilizopakwa rangi, nyuma zimeegemezwa kwa magogo, na kwenye madimbwi Muheza nyingine inaning'inia kichwa chini. Anabisha kote. Mbao zinamrudishia sauti yake. Anafika kwa mama yake. Moshi unatoka uani, na harufu ya maandazi ya iliki. Hodi, anasema. Ingia we Mize, umesimama kama mgeni, chai inapoa! Ni sauti ya mama, hata kile kikohozi chake. Mguu unanyanyuka wenyewe, halafu unabaki hewani juu ya kizingiti. Mama hajawahi kumwita ndani bila kumkaribisha. Hata akitoka kisimani tu, karibu mwanangu. Hodi mama, anarudia. Ingia! Hodi. Ingia nimekwambia, una nini wewe? Mize anangoja lile neno moja. Anangoja sana. Kisha anaurudisha mguu chini, na analia, ila machozi hayana pa kupitia.

Akigeuka, yuko tena jumbani, milango yote imefungwa, na sasa hodi inatoka upande wa nje. Hodi. Usiitikie, anasema yule wa uso wa yai, na sauti yake ina woga, humjui huyo. Mimi nami nani ananijua, anasema Mize, na kwa mdomo usiokuwepo anaita, Karibu!

Maureen amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Mlango uko wazi, lakini anaugonga kwa kidole. Mize, siyo? Nimemuuliza mpishi jina lako. Mize anatazama kioo: pua ipo, mdomo upo, unga umechorwa michirizi. Usifute, anasema Maureen, umependeza kweli. Anampa kikombe, na ni cha moto, cha moto kabisa, kinanukia iliki. Ndipo kutoka mwisho wa ukumbi, kule ambako hakuna mtu wa filamu wala wa jumba, inakuja sauti, ya Kiswahili, ya mtu aliyechoka kusimama nje. Hodi. Nani huyo, anauliza Maureen, akigeuka. Mize anataka kuitikia. Kwanza anapeleka mkono mdomoni, ahakikishe upo.