Shuka za Kiwanda cha Bia

Muuguzi alitandika shuka mpya huku akisonya. Kiwanda cha bia kilikuwa kimezitoa msaada kwa wodi ya wagonjwa wa ini, kila moja ikiwa na nembo ya chupa na maneno: "Kunywa kwa kiasi." Ama kweli, fisi naye kaleta sanda!

Meneja wa kiwanda akaingia na mpiga picha, kitambi mbele, tabasamu utadhani la kukodi. "Dada, nionyeshe mgonjwa wa kupiga naye picha."

Muuguzi akampeleka moja kwa moja kwa kaka yake mwenyewe aliyelazwa humo, macho ya manjano kama bizari, tumbo limejaa maji.

"Pole, mzee," meneja akasema, akiitazama kamera. "Tatizo lenu hamjui kiasi. Ulikuwa unakunywa wapi?"

"Kwako, bosi. Umenisahau? Mimi mwonjaji wako. Hakuna pipa lililotoka kiwandani bila mimi kulionja."

"Sasa si ungetema?"

"Siku ya kwanza nilitema. Ukanifokea mwenyewe kwamba bia haionjwi kwa kutemwa."

Mpiga picha akashusha kamera. Muuguzi akaivuta shuka, akainyoosha vizuri juu ya lile tumbo.

"Piga tu, mwanangu," akamwambia. "Sasa maneno yanasomeka."