Shokapu ya Marehemu

Mwezi wa pili tangu mumewe Patriki azikwe, Tekla alikuwa bado hajavuka ua wa minyaa uliozunguka nyumba yake. Huku Tumati watu wanakwenda misa Jumapili na wanashika metimani, miiko ya msiba, siku zote zilizobaki. Aliyefiwa hukaa kwake, hateki maji na wenzake, hampi mtu mkono, wala mtu hapiti karibu naye, asije akaubeba msiba hadi nyumbani. Chakula aliletewa na mama mkwe wake, Qamara, aliyekiweka juu ya jiwe na kurudi nyuma. Tekla alinyolewa nywele na kukubali yote. Alikuwa amechoka mno kubishana.

Jumatatu asubuhi alisikia spana ikigonga chuma ng'ambo ya ua, kwenye banda la Patriki. Akachungulia. Sulle, mdogo wake marehemu, alikuwa amechuchumaa kando ya mabaki ya pikipiki, anafungua shokapu ya nyuma, kile chuma chenye springi kinachopunguza mtikisiko.

Hapo ndipo utamjua binadamu. Sulle huyu huyu, asiyemsalimia shemeji yake tangu matanga, ambaye akimwona mlangoni hugeuza uso, leo anaichukua shokapu ya maiti na kuikumbatia kifuani. Mjane ana nuksi, lakini chuma kizuri hakina!

Na kweli kilikuwa kizuri. Ndugu hao walinunua pikipiki mbili za kufanana, zile ndefu za kupita porini, mradi mmoja wa wafadhili ulipofunga virago na kupiga mnada vitu vyake, mwaka ule ule Manyara ilipofanywa mkoa. Ya Sulle ilibaki vilevile. Ukiipakia magunia mawili, nyuma inabonyea mpaka tairi linakwaruza. Patriki alikuwa fundi, yake akaibadilisha. Kwenye shokapu alitoa springi nyembamba akaweka nene, akabadilisha mpira wa sili, akamwaga oili ya zamani na kutia nzito, akiipima kwa chupa ya soda. Springi ile waliibana wote wawili, Tekla amekalia mtaimbo kwa uzito wake wote, anaogopa hata kupumua, maana ikichomoka inavunja mtu taya. Baada ya hapo pikipiki ilibeba magunia matatu ya vitunguu saumu mpaka Haydom.

Kasoro ilikuwa moja. Jicho la chini, kile kipande chenye tundu kinachoishika shokapu kwenye mkono wa gurudumu, halikufika vizuri, Patriki akalirefusha kwa kuchomelea. Likapasuka. Akachomelea tena, likapasuka tena.

"Chuma hiki hakishiki welding," alimwambia Tekla. "Nimeagiza jipya Arusha. Likija tu, hili nalitupa."

Halikuwahi. Jicho la zamani lilikatika mteremkoni, Patriki akarushwa kwenye mawe. Jipya lilifika na basi siku nne baada ya mazishi, limefungwa kwenye gazeti. Sasa lilikuwa chini ya kitanda cha Tekla. Kijiji kizima kilisema jicho limekatika kwa ajali. Yeye peke yake alijua kuwa ajali ilitokana na jicho.

Jumatano Sulle alirudi kutoka Dongobesh. Jicho lilikuwa limechomelewa upya na kupakwa rangi nyekundu ya kupendeza. Akaanza kuifunga shokapu kwenye pikipiki yake.

"Shemeji!" Tekla alipaza sauti. "Jicho hilo usilifunge! Ndilo lililomwua kaka yako!"

Sulle hakugeuka. Aliizungusha ringi ya juu, ile inayoikaza springi, mara mbili zaidi, ili ibebe hata magunia manne, kisha akapiga kiki na kuvuta mafuta mpaka sauti ya yule mwanamke ikamezwa na injini. Tekla alimwona akitabasamu. 

Qamara alipoleta makande, Tekla alikuwa anamngoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama alijibu kwa mbali.

"Mama, nakuomba, mwambie Sulle asiipande pikipiki. Jicho lile litakatika. Jipya hili hapa, mpelekee." Akaliweka juu ya jiwe, akarudi nyuma kama ilivyotakiwa.

Qamara alilitazama lile furushi la gazeti bila kunyoosha mkono.

"Unataka nimbebee mwanangu neno la kifo? Kutoka mdomoni mwako, na siku zako hazijaisha?"

"Si neno, mama. Ni chuma tu."

"Nilikuwa na watoto wawili, Tekla. Nimebaki na huyu. Usimtaje tena."

Akaokota bakuli la jana, akaondoka huku akijifuta machozi kwa upindo wa kanga. Alimpenda Sulle kuliko nafsi yake, na kwa ajili hiyo hakumwambia kitu.

Alhamisi ilikuwa siku ya mnada, soko la wiki. Tekla alisikia magunia yakipakiwa, kamba zikikazwa, injini ikiguruma kuelekea barabarani. Hakufikiri tena. Alilichukua lile jicho, akapita kwenye ua wa minyaa, akakatiza mahindini mbio mpaka kwenye kona ya kabla ya korongo. Akasimama katikati ya barabara na kuliinua juu kwa mikono miwili.

Sulle alitokea kwenye kona na magunia yake manne. Angefunga breki, pangekuwa na nafasi ya kutosha. Lakini alichokiona yeye ni kichwa kilichonyolewa na nguo nyeusi, metimani yenyewe imesimama njiani kumngoja.

"Toka!" alipiga kelele. "Usinisogelee!"

Akakata kona kuingia shambani, apite mbali naye. Gurudumu la nyuma likatumbukia kwenye mfereji. Tekla alisikia chuma kikikatika, mlio mmoja tu, mkavu. Pikipiki ikamwinua Sulle na kumbwaga chini ya korongo, vitunguu vikimiminika juu yake.

Alimfikia, akamwondolea magunia, akampakata kichwa mapajani. Shingo ilikuwa imelegea. Alimwita jina mara nyingi, akilia, mpaka watu walipoanza kufika. Walisimama ukingoni, hakuna aliyeshuka. Wakampisha Qamara.

Mama alitazama chini. Kando ya mguu wake, kwenye nyasi, lilikuwa lile jicho jekundu, limekatika palepale lilipochomelewa. Hakulitazama. Hakuna aliyelitazama.

"Tekla," aliuliza taratibu, "umemshika?"

"Nimemshika, mama."

Watu wote wakarudi nyuma hatua moja.