Mlango wa Hester Quill

Ukurasa wa mwisho wa kitabu cha katuni haukuwa na maneno. Ulikuwa na mlango tu, umechorwa kwa wino mzito, unaonekana kutoka ndani ya nyumba. Komeo lilikuwa limefungwa, na juu yake umelala mkono wa mwanamke, umetulia kama mkono wa mama juu ya mtoto aliyeanza kusinzia. Lorna Hesketh aliutazama mkono huo akiwa amesimama jikoni kwake, katika mji wa pwani wa South Shields, Uingereza, koti mwilini na mkoba begani. Chai yake ikapoa. Muda wa kwenda kazini ukaja, ukapita, naye bado amesimama.

Hester Quill alikuwa mpelelezi asiyetoka nje. Kwa misimu sita ya televisheni alifumbua mauaji na wizi akiwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, kwa sababu hofu ilikuwa imemfungia ndani na hakuwa na dawa yake. Watu walikipenda kipindi hicho kwa ujanja wake. Lorna alikipenda kwa sababu nyingine, ambayo hakupata kumwambia mtu.

Wakati ule yeye mwenyewe alikuwa hatoki. Ilimwanzia supamaketi, mbele ya rafu za maziwa: kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, akaamini kabisa kwamba anakata roho katikati ya watu wanaochagua jibini. Hakufa. Lakini tangu siku hiyo dunia yake ilianza kupunguzwa kama kitambaa mikononi mwa fundi asiye na huruma. Kwanza lilikatwa soko, kisha barabara, kisha lango la bustani, mpaka kikabaki kizingiti. Miaka miwili mdogo wake, Coral, alimletea chakula, akamtolea taka, akamdanganyia majirani. Na kila Jumapili jioni Lorna aliketi mbele ya televisheni akamtazama mwanamke mwingine anayeliogopa lango lake.

Halafu ikaja sehemu ya mwisho. Hester aliinuka kitini, akafungua mlango, akateremka hadi baharini bila kusema neno, upepo ukimvuruga nywele. Kesho yake asubuhi Lorna alitoka na ndara miguuni hadi langoni. Wiki iliyofuata akafika kona. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amepata kazi ya kupika katika shule ya msingi, na Coral alidhani ni vidonge vya daktari vilivyofanya kazi. Lorna alimwacha adhani hivyo. Nani angekiri kwamba amefufuliwa na kipindi cha televisheni?

Sasa, baada ya miaka tisa, hadithi ilikuwa imeendelezwa katika vitabu vya katuni, toleo moja kila mwezi, kwa kalamu ya mwandishi yule yule, Fergus Airey. Toleo la kwanza lilikuwa na michoro mibaya, na mashabiki walinung'unika. La pili lilikwenda kama konokono. La tatu ndilo hili alilolishika. Lilisema kwamba ile safari ya baharini ilikuwa ndoto ya mchana. Hester alikuwa hajainuka kitini. Alikuwa hajawahi kutoka.

Ni katuni tu, Lorna alijiambia, akaenda mlangoni. Alipougusa mpini alisikia ubaridi ukimpanda mkononi hadi kwapani, na moyo ukaanza mbio zile za zamani alizodhani amezizika. Alirudi jikoni. Akapiga simu shuleni, akasema tumbo linamsumbua.

Alhamisi Coral alikuja kuomba maboksi matupu. Mumewe, Rory, alikuwa amepata kazi Aberdeen, mbali kaskazini, na nyumba yao ilikuwa imegeuka bohari.

"Mbona mapazia hujafungua, dada?"

"Kichwa kinauma. Mwanga unanichoma."

"Jumatatu ukaniambia tumbo, leo kichwa." Coral aliweka boksi chini polepole. "Umetoka leo?"

"Nimetoka."

"Kwenda wapi?"

"We Coral, umekuwa polisi? Nimetoka, nimerudi."

Coral hakucheka. Alimtazama kwa jicho ambalo Lorna alikuwa hajaliona kwa miaka tisa, jicho la mtu anayepima atabeba mifuko mingapi ya chakula na kwa muda gani. "Nisikilize," alisema. "Ikirudi, mimi siendi kokote. Rory nimeshamwambia. Atatangulia peke yake."

"Haijarudi."

"Basi sawa. Mimi nasema tu."

Alipoondoka, Lorna aliketi sakafuni, mgongo umeegemea friji inayonguruma. Hofu ya nje aliijua sura na tabia. Hii nyingine ilikuwa ngeni na mbaya zaidi: kwamba atamvuta mdogo wake arudi naye humu ndani, safari hii moja kwa moja.

Jumamosi Fergus Airey alikuwa anakuja kutia sahihi vitabu katika duka la katuni la Clive Pattinson, barabara tatu kutoka kwake. Lorna aliamua kwenda, wala si kwa ushujaa. Alikwenda kama mtu anayekwenda kuulizia majibu ya vipimo, kwa kuwa kungoja kumemshinda. Alitembea bega likisugua kuta za nyumba. Penye nafasi wazi kati ya nyumba na nyumba alifumba macho. Shakwe aliyekuwa akigombania chipsi barabarani alimrukia karibu na uso, naye akashika uzio wa nyumba ya watu na kubaki hapo hadi mwenye nyumba akachungulia dirishani.

Dukani kulikuwa na joto na harufu ya makoti yaliyolowa. Foleni ilinung'unika waziwazi, kwa makusudi ya kusikiwa.

"Pua wamemchorea ya kuku," alisema mwanamke mmoja mnene mwenye skafu ya zambarau. "Hester hakuwa na pua ile."

"Pua si kitu," mwenzake akamjibu. "Misimu sita nimevumilia, leo naambiwa alikuwa anaota. Na mimi nitamwambia nilipomlipa nilikuwa naota."

Clive, mwenye duka, alipita na sinia ya biskuti. "Jamani, mzee wa watu amekuja na treni mbili. Kuleni biskuti kwanza, ndipo mumle yeye." Alipomfikia Lorna alisimama. "Bibie, una rangi ya karatasi. Nikuletee kiti?"

"Nikikaa sitasimama tena, Clive."

Alidhani anatania, akacheka, akaendelea.

Fergus Airey alikuwa mtu mdogo mwenye sweta iliyochakaa viwiko. Alitia sahihi bila kuinua macho, kama mtu anayetembea kwenye mvua na kuinamisha kichwa.

"Niandike jina gani?"

"Sitaki sahihi," Lorna alisema. Sauti yake ilimtoka nyembamba. "Nataka kujua kwa nini umemrudisha ndani."

"Sikumrudisha." Ilionekana amelijibu swali hilo miji yote. "Mimi niliandika anafika mlangoni, anaweka mkono kwenye komeo, basi. Wakubwa wa televisheni wakasema huwezi kuwalaza watu na kitu kama hicho Jumapili usiku. Wakamwita kijana mmoja wa pale ofisini, akaandika ile ya bahari. Jina likabaki langu."

"Kijana gani?"

"Hata simkumbuki. Aliandika mchana mmoja, wakapiga picha."

Lorna alishika ukingo wa meza. Miaka tisa alikuwa amesimama juu ya ubao uliowekwa na mtu asiye na jina, baina ya chakula cha mchana na chai ya saa kumi.

"Mimi nilitoka," alisema. "Nilikuwa ndani miaka miwili. Nilipomwona yeye ametoka, kesho yake na mimi nikatoka."

Kalamu ilisimama. Airey aliinua macho kwa mara ya kwanza, na macho yenyewe yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Hester ni mama yangu," alisema taratibu, ili foleni isisikie. "Dirisha lile ni letu. Kila mtu alinipongeza kwa jinsi alivyotoka, mkutano baada ya mkutano, nami nashukuru, nashukuru. Nilitaka mara moja tu isemwe ilivyokuwa."

"Alikaa muda gani?"

"Mpaka walipokuja kumbeba."

Lorna alikuwa amekuja kuambiwa kwamba kitabu kimekosea. Badala yake alikuwa ameonyeshwa chumba cha kweli chenye kiti cha kweli, na alijua hata namna vumbi linavyokaa kwenye pazia la chumba kama kile. Alitamani kumchukia mtu huyu, lakini hakupata mahali pa kuanzia.

"Pole," alisema hatimaye.

"Na wewe pole," alijibu Airey. Alionekana kama anataka kuongeza neno, lakini mwanamke mwenye skafu alikuwa tayari amesogea na lalamiko lake la pua ya kuku.

Nje upepo wa baharini ulikuwa umezidi. Lorna alipita barabara ya kwanza na ya pili kama alivyokuja, ukutani. Kwenye ile pana, penye taa za kuvukia, miguu ilimgomea. Mtu mdogo wa kijani kwenye taa aliwaka, watu wakavuka, akazimika. Akawaka tena. Barabara ilionekana kupanuka kila magari yalipopungua. Alijaribu kumwita Hester wa zamani, yule wa nywele kuvurugwa na upepo, lakini hakuja. Kilichokuja ni mkono juu ya komeo.

Simu ikatetema mfukoni.

"Dada, niko mlangoni kwako, nabisha hufungui." Sauti ya Coral ilikuwa imeanza kupanda. "Uko wapi?"

"Niko nje."

"Nje wapi? Mbona unahema hivyo?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshavalishwa nguo zake: nimekimbia, nimebeba mizigo, kuna upepo. Lorna alitazama magari yakipita.

"Imerudi, Coral," alisema. "Ilirudi Jumatatu. Nimekudanganya."

Upande wa pili ulisikika mlio wa funguo. "Niambie ulipo. Nakuja na gari sasa hivi."

"Usije."

"Dada, we."

"Nakuomba. Usije bado. Wewe zungumza tu. Niambie huko Aberdeen nyumba yenu ikoje."

Coral akaanza: jiko lina dirisha dogo, alisema, ngazi zinapiga kelele, Rory amepaka chumba kimoja rangi ya ajabu ambayo hata jina haina. Magari yalisimama. Mtu wa kijani aliwaka.

"Usikate," alisema Lorna, akashuka ukingo wa barabara.