Picha ya Kundi la Mbali

Taa ya uani ilipoungua, Slavoljub aliona ni neema. Miaka mitatu alikuwa akiliwinda kundi moja la nyota, la mviringo, la mbali kupita kiasi, hafifu mno, na taa ile ndiyo iliyokuwa ikimharibia picha. Kesho fundi angekuja. Ni leo au basi tena.

Akaacha mlango wa roshani wazi, akakaa juu ya pipa la kabichi ya kuchacha la mama yake, kamera kwenye darubini ikaanza kunasa picha moja ndefu baada ya nyingine.

Mara, paa! Mlango ukafungwa, komeo likalia, luva za mlango zikashushwa.

"Jamani, huu upepo utaniua!" mama yake, Desanka, akalalama huko ndani. Pale mjini Užice, upepo unaopenya kati ya madirisha mawili husingiziwa kila kitu, kuanzia jino mpaka talaka. Mama akavua kifaa chake cha kusikilizia, akaenda zake kulala bila kujua mwanawe yuko nje. Simu ya Slavoljub ilikuwa jikoni.

Angepiga kelele, majirani wangewasha taa, na picha ndiyo kwaheri. Akanyamaza. Baridi ya Novemba ikamwingia mifupani, vidole vikafa ganzi, akajiona mjinga wa mwisho. Kila mwaka wenzake wapiga picha za nyota walimwita milimani, kwenye giza la kweli, naye jibu lake lilikuwa lilelile: "Siwezi, mama ananitegemea."

Kundi lilipojificha nyuma ya jengo la jirani, ndipo akapaza sauti. Taa zikawaka kila dirisha.

"We mwendawazimu, unataka kuruka?" Radmila wa ghorofa ya juu akafoka. Hata hivyo alishuka na ufunguo wa akiba, akamwamsha Desanka, wakamfungulia.

"Mbona hukuita mapema, mwanangu?" Desanka akauliza, akirudisha kifaa sikioni.

"Taa, mama. Zingeniharibia picha."

Desanka akavaa miwani, akainamia kamera. "Yaani unataka kufa kwa ajili ya hiki kidoa?"

"Ndicho chenyewe. Milimani kingetoka vizuri zaidi."

"Si uende!"

"Nikuache na nani?"

"Ala! Radmila yupo, miguu ninayo. Leo nimekufungia mimi, nisamehe. Hiyo miaka mingine yote kakufungia nani?"