Boriti Zisizopasuka

Jirani mmoja, mshona nguo, anadai boriti ya sebuleni kwake ilipasuka yenyewe akiwa anatunga uzi kwenye sindano. Hapakuwa na upepo, anaapa, wala paka juu ya bati. Ilialika kama vidole, kisha ufa ukatembea taratibu toka ukuta huu hadi ule, "hauna haraka, kama mgeni anayetafuta choo."

Waliomsikiliza walicheka, wakamuuliza kama vumbi liliingia kwenye mboga. Mtaa ule boriti zilipasuka siku za kazi tu. Siku za mapumziko watu walilala hadi jua likawachoma.

Binti aliyekuwa akianua nguo pembeni hakucheka. Kazi yake ilikuwa kupandisha boriti kwenye mashine, kwenye maabara ya mbao. Mashine iliziegemeza ncha mbili, ikakandamiza katikati, ijulikane boriti itabeba uzito gani kabla ya kupasuka. Hazikupasuka. Zilipinda, zikanyooka. Kwenye kompyuta ya mhandisi, mchoro wa boriti iliyokuwa mashineni uligeuka njano, halafu mstari mwekundu ukaanzia chini, ukafuata nyuzi za mti mpaka mwisho, ukatoka nje ya picha. Mhandisi akagonga muhuri: IMARA. Ufa wenyewe ulikwenda kutokea kwa pacha wake, boriti iliyochanwa kwenye gogo hilo hilo na kuuzwa mtaani.

Binti alishamweleza.

"Tunajua," mhandisi alijibu, akipuliza chai. "Lakini wateja wanauliza kuhusu hii, hawaulizi kuhusu ndugu zake. Tukianza kupima ukoo mzima, mdogo wangu, tutazeekea hapa."

Nyumbani, mama yake binti alikuwa amelala chali, nyonga imevunjika, daktari kakataza asinyanyuliwe ovyo. Juu yake ilipita boriti yenye alama ya buluu mfano wa sikio. Muuza mbao aliichora kwenye kila kipande cha gogo ilikochanwa boriti hiyo. Kitanda kilishasogezwa huku na huko, lakini chumba kilikuwa chembamba na boriti ndefu. Binti alilala akiitazama. Aligeuka, akaamka, akaigusa kwa mpini wa fagio, akarudi kulala, akaamka tena.

"We mtoto, tulia," mama alisema. "Unaibishia hodi, mwisho itakuitikia karibu."

Kila asubuhi, kabla hata ya kutundika mkoba, binti alipangusa vumbi kwenye boriti zilizoletwa, akitafuta sikio. Siku moja alimkuta mhandisi ameshapandisha ya kwanza mwenyewe. Akapangusa ncha yake kwa kiganja. Buluu.

"Bosi, hii tuiache. Pacha wake yuko juu ya kitanda cha mama."

"Maskini. Anaendeleaje na nyonga?" Aliuliza kwa moyo wote, ndiye aliyempelekea mama mto wa kuegemea. Akabonyeza kitufe.

"Hajambo kidogo. Bosi, naomba."

Mashine ilianza kushuka. Boriti ikainama, nzima kabisa, bila kulia hata kidogo. Kwenye kioo njano ikaenea.

"Basi isimamishe tu kidogo, nikawaite majirani tumtoe na kitanda chake. Nitarudi mbio."

Mhandisi alivuta kiti karibu na kompyuta, akafuta miwani yake kwa ncha ya shati, kwa sababu mstari mwekundu ulikuwa umeanza, na alipenda kuuona unavyotoka.