Asili ya Neno Orumeti

Mhariri alipiga simu saa nne asubuhi, nikiwa kazini nabandika majalada.

"Dada, kamusi ya marehemu inaingia mitamboni kesho, na jina la dunia yenu ya kubuni, Orumeti, lina pengo. Kwa Kivelo ni 'kambi'. Kivelo kililitoa kwenye Kizimbe, 'pa kutua mzigo'. Kizimbe kililitoa kwenye Kihulu, halafu basi, patupu. Andika chochote tu, nani atajua?"

Nani atajua! Wajuzi wa Kihulu tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu, na yeye tumemzika mwezi uliopita. Sijalia bado. Shangazi zangu wanasema nina moyo wa jiwe, waseme.

Lugha hizo tulizibuni tangu utotoni, kwa sheria moja: kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja anabuni neno kwenye kadi, mwenzake anaandika "Naafiki" na tarehe, ndipo liingie kamusini. Akilikataa, anaandika "Fikiria tena" na kumrudishia kadi. Mimi nilikuwa mkataaji hodari. Kumwona kaka akinuna ndiyo ilikuwa raha yenyewe.

Kadi ya Kihulu alinipa hapahapa kazini, kwa ule mwandiko wake wa kuku: "Orumeti: naomba kupumzika, nimechoka."

Nilicheka. "Wee Profesa, dunia nzima uipe jina la kivivu hivyo?"

"Basi kataa, mama hakimu," akasema.

Nikakataa. Hakununa. Baada ya wiki tatu akalazwa, na hakutoka. Daktari akatuambia kaka alikuwa akijua hali yake mwaka mzima. Mimi sikujua, wala sikuuliza.

Muuguzi alinikabidhi viatu vya kaka na kadi ile. Nimeiweka kwenye droo, chini ya makopo ya gundi, sijamwonyesha mtu. Neno hakulibadilisha. Chini ya "Fikiria tena" yangu ameandika: "Nimefikiria."

"Dada, upo?" mhariri akauliza.

"Nipo."

Nikafungua droo, nikamsomea maana ile kama ilivyo. Akanakili, akashukuru, akakata simu. Nikachukua kalamu nikaandika "Naafiki", nikatia tarehe ya leo. Nilingoja niumie, sikuumia. Nikanyanyuka na kadi mkononi nimpelekee kaka, nikafika mpaka mlangoni.